Shajara ya mradi: rauta ndogo ya waifai mbele ya vipimo vya mawimbi na usalama

Hii ni kumbukumbu ya miezi mitano ya kuitoa rauta yetu mezani hadi ipate hati ya kuruhusiwa kuuzwa. Rauta yenyewe haina maajabu: waifai ya 2.4 GHz na 5 GHz, milango miwili ya Ethaneti ya gigabiti, mlango mmoja wa USB 3 wa kuchomekea diski, kasha la plastiki na adapta ya 12 V. Tuko wawili. Mwenzangu anachora bodi, mimi naandika programu dhibiti na kupima. Gharama nimezihesabu kwa siku na kwa bodi zilizoharibika, maana hizo ndizo zilizotuuma. Yaliyokwenda sawa nimeyapitia juu juu.

9 Januari: Kusoma kabla ya kuwasha

Siku tatu nzima za kusoma viwango, na siku hizo sizijutii. Nilichokielewa ni kwamba kifaa kama hiki hakipimwi mara moja tu. Kuna mawimbi kinayorusha kwa makusudi, yaani waifai yenyewe: nguvu yake, upana wake, na kama yanamwagika nje ya masafa yake. Kuna kelele kinayotoa bila kukusudia, kutoka kwenye saa za chipu (mapigo ya umeme yanayoziendesha), kebo na adapta. Kuna uvumilivu: kikipigwa na umeme tuli au kelele ya jirani, kinasimama au kinaanguka? Kuna usalama wa umeme na moto. Na kuna mionzi inayomfikia mtu aliyekaa karibu nacho.

Vikomo vya kelele isiyokusudiwa nimevibandika ukutani. Kwa kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, Sehemu ya 15, daraja B (vifaa vya nyumbani), kwa umbali wa mita 3: 40 dBµV/m (kipimo cha ukali wa mawimbi hewani) kati ya 30 na 88 MHz, 43.5 hadi 216 MHz, 46 hadi 960 MHz, na 54 kuanzia hapo kwenda juu. Ulaya wanafuata CISPR 32, kiwango cha kimataifa cha kelele hiyo, ambacho vikomo vyake haviko mbali na hivyo. Kwa waifai yenyewe Ulaya wana EN 300 328 kwa 2.4 GHz na EN 301 893 kwa 5 GHz.

Uamuzi wa siku hiyo: kununua moduli ya redio ambayo tayari ina cheti chake, tusianze redio kutoka sifuri. Tulidhani tumemaliza nusu ya kazi. Tulikuwa tumemaliza pengine robo, na robo yenyewe tuliiharibu baadaye kwa mikono yetu.

23 Januari: Zana za mezani

Chumba cha kupimia kinakodishwa kwa siku, kwa hiyo tulitaka kujua tunakwenda na nini. Nimetengeneza kitanzi cha kunusia mawimbi kwa kipande cha kebo ya antena: nimekikunja mduara wa kama sentimita moja, nikalehemu waya wa ndani kwenye ganda, nikaacha mwanya mdogo kwenye ganda upande wa juu. Kinaunganishwa na kipokezi cha redio cha kuchomeka kwenye USB, kile kinachofika karibu 1.7 GHz. Si kifaa cha maabara, ila kinaonyesha vilele viko wapi.

Kosa la kwanza lilitokea ndani ya saa moja. Nilikiondoa kitanzi nikachomeka antena ndogo, nikaona kilele kikubwa karibu na 98 MHz, nikaanza kukiwinda kwenye bodi. Nilibadilisha kapasita mbili, nikafunga feraiti (kipete kinachomeza kelele) kwenye waya wa umeme, kilele hakikutikisika. Mwenzangu akaja, akachomoa adapta ukutani. Rauta ikazima, kilele kikabaki palepale. Kilikuwa kituo cha redio cha FM. Tangu siku hiyo kila kipimo kinaanza rauta ikiwa imezimwa: tunarekodi hewa ilivyo, ndipo tunawasha.

Baada ya kutoa vya watu, vyetu vilibaki 125, 250, 375 na 625 MHz. Mwenye uzoefu angesoma jibu hapo hapo. Mimi niliandika tu namba na kuendelea.

6 Februari: Chumbani mara ya kwanza, tumeanguka

Nusu siku ya chumba. Kuta zimejaa povu lenye ncha, rauta juu ya meza ya urefu wa sentimita 80 isiyo na chuma, meza inazunguka duara zima huku antena ya kupokelea ikipanda kutoka mita 1 hadi 4 kutafuta pembe mbaya kuliko zote. Kifaa chako kinapimwa kwa pembe yake mbaya kuliko zote, na hiyo ndiyo haki yenyewe.

Matokeo: 375 MHz tumesoma 53 dBµV/m, kikomo ni 46. Saba juu. 625 MHz tumezidi kwa 2. 125 na 250 tumepita kwa kukwaruza.

Hapa ndipo nilipoteza saa mbili za chumba. Kichwani mwangu kifaa cha waifai kinachopiga kelele lazima mkosaji awe waifai. Nikazima redio ya 2.4 GHz: hakuna badiliko. Nikazima ya 5 GHz: hakuna. Nikafungua kasha nikachomoa moduli yote ya redio: 53 ileile. Fundi wa maabara alikuwa amekaa kimya muda wote huo, akasema, "Kaka, chomoa hiyo kebo ya Ethaneti kwanza, halafu tuzungumze." Nikachomoa. Sindano ikaanguka hadi 42.

Kelele ilizaliwa kwenye bodi, ila aliyeirusha hewani alikuwa kebo. Ukifanya hesabu inaonekana wazi: wimbi la 375 MHz lina urefu wa sentimita 80, robo yake ni sentimita 20, na waya wowote wa kiasi hicho na kuendelea unafurahia kuwa antena. Bodi yetu yenye upana wa kiganja isingeweza kurusha hivyo peke yake. Nimeandika kwenye karatasi ya ukutani kwa wino mwekundu: KEBO KWANZA.

14 Februari: Mkanda wa shaba, siku nne zilizopotea

Badala ya kutafuta kelele inaingiaje kwenye kebo, tulikimbilia kuifungia ndani. Tuliweka mkanda wa shaba ndani ya kasha zima, juu, chini na ubavuni, tukaunganisha na graundi ya bodi (shaba ya pamoja ambako mkondo hurudi) kwa waya mmoja kwenye kona. Kasha lilipendeza, linang'aa kama sahani ya harusi.

Kwa kipimo cha mezani 375 MHz ilishuka kidogo sana, na 625 MHz ilipanda kwa kama 3 dB. Ilituchukua siku mbili kukubali kwamba tumeongeza antena nyingine. Kipande kimoja cha ubavuni kilikuwa na sentimita 12, kimeshikwa upande mmoja tu, na robo ya wimbi la 625 MHz ni sentimita 12 kamili. Hatukuwa tumejenga ngao, tulikuwa tumening'iniza vipande vya shaba. Ngao inafanya kazi ikishikana pande zote, na hata hivyo kebo inayotoka nje inabeba kelele nje pamoja nayo kama hukuitibu pale inapotokea.

Gharama: siku nne, gombo zima la mkanda, na kidole cha mwenzangu kilichokatwa na ukingo wake. Tumeubandua wote.

27 Februari: Chanzo chenyewe

Hii ndiyo sehemu ninayotaka mtu aisome taratibu.

Kati ya prosesa na chipu ya Ethaneti kuna saa ya 125 MHz. Saa ni wimbi la mraba, na wimbi la mraba lina vizidisho vyake. Vile vya namba witiri ndivyo vyenye nguvu zaidi. Mara tatu ya 125 ni 375. Mara tano ni 625. Namba nilizoandika tarehe 23 Januari zilikuwa zinanitazama usoni mwezi mzima.

Nilichukua kitanzi nikakipitisha juu ya mstari wa shaba wa saa hiyo, milimita kwa milimita. Kutoka kwenye prosesa kelele ilikuwa ya wastani. Katikati ya njia, ndani ya umbali wa kama milimita 3, sindano iliruka. Nikarudi nyuma, ikashuka. Mbele tena, ikaruka. Tulifungua mchoro wa bodi tukaangalia tabaka la chini yake: pale pale, graundi ilikuwa imekatwa. Mwenzangu aliikata miezi iliyopita ili kutenganisha graundi ya Ethaneti na ya prosesa, kwa imani kwamba kutenganisha ni usafi. Mkondo unaokwenda kwa mstari wa juu lazima urudi kwa graundi iliyo chini yake. Ukiukatia njia unazunguka mbali, na kuzunguka huko ni kitanzi kinachorusha. Kibaya zaidi, upande wa pili wa ule mkato ndipo ganda la tundu la Ethaneti lilikoshikwa, kwa hiyo kelele ilikuwa inasukumwa moja kwa moja kwenye kebo.

Hatukusubiri bodi mpya ili kuthibitisha. Nililehemu vipande vitano vya shaba kuvuka mkato, na kitanzi kikasoma pungufu kwa 6 dB papo hapo. Lakini kitanzi hakikuambii kama utapita chumbani. Kinakuambia tu kama umeboresha au umeharibu.

Dawa ya pili ni resista kwenye chanzo cha saa, mlangoni mwa prosesa. Bodi ilikuwa na nafasi yake, tuliijaza 0 Ω. Nikaweka 100 Ω: kelele ikashuka vizuri mno, na Ethaneti ikaanza kupoteza pakiti (vipande vya data), maana kingo za saa zimelegea kupita kiasi. 47 Ω: pakiti zinapotea kifaa kikipata joto tu, na hilo ni kosa la hatari zaidi kwa kuwa mezani huwezi kuliona. 33 Ω: hakuna pakiti iliyopotea kwa saa 12 za mzigo kamili, kelele imepungua. Tumebaki hapo.

Toleo la pili la bodi limeagizwa: graundi moja isiyokatwa, ganda la tundu limeshikwa kwa upana badala ya uzi mwembamba. Bodi kumi za toleo la kwanza zimekuwa vifaa vya kujifunzia.

11 Machi: USB inayoziba masikio ya redio

Hili halikutokana na maabara. Rauta ilipita mezani, lakini kila tukichomeka diski ya USB 3, kasi ya waifai ya 2.4 GHz chumba cha pili ilianguka hadi chini ya robo. Nilitafuta kosa kwenye programu kwa siku mbili. Kilichonizindua ni namba moja: nguvu ya mawimbi ilibaki −61 dBm, diski ikiwepo au isiwepo. Mawimbi hayajadhoofika, kwa hiyo kilichoongezeka ni kelele.

USB 3 inasukuma data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele yake imetandaa mapana, ikiwemo sehemu ile ile ya 2.4 GHz. Hiyo si siri. Intel walichapisha maelezo yake mwaka 2012. Siri ilikuwa kwamba tundu letu la USB lilikuwa sentimita 3 kutoka kwenye antena, na ganda lake lilikuwa na miguu minne ambayo miwili tu ndiyo iliyolehemiwa.

Tumelehemu miguu yote minne, tumehamisha antena hadi upande wa pili, sentimita 11, na kwenye kisanduku tunaweka kebo ya USB yenye ngao nzuri. Kasi imerudi hadi karibu ilivyokuwa bila diski. Ukiwa na rauta yenye tabia hii nyumbani, sogeza diski mbali kwa kebo ya kurefushia yenye ngao, au hamia 5 GHz, kabla ya kumlaumu mtoa huduma wa intaneti.

25 Machi: Antena kubwa, kingo za masafa na dakika moja iliyozimwa

Makosa matatu ya kwetu, yote tumeyagundua wiki moja.

La kwanza ni antena. Moduli yetu ilipata cheti ikiwa na antena ya 2 dBi (kipimo cha kiasi antena inavyoongeza nguvu upande inakoelekea). Sisi tuliweka ya 5 dBi, kwa sababu ni kubwa na wateja wanapenda kuona antena kubwa. Nguvu ya moduli ni 18 dBm. Ongeza 5, unapata 23 dBm, ambayo ni kama miliwati 200. Kikomo cha Ulaya kwa 2.4 GHz ni 20 dBm, miliwati 100. Hata bila kuvuka kikomo, cheti cha moduli kinafuata aina ya antena iliyoandikwa ndani yake. Ukiweka yenye nguvu zaidi, ile karatasi haikuhusu tena. Tumerudi kwenye 2 dBi. Antena 40 za 5 dBi ziko kwenye droo, na mwenzangu amekataa kata kata kuzitupa.

La pili ni kingo. Chaneli 11 kitovu chake ni 2462 MHz, na kwa upana wa 20 MHz inaishia 2472. Kuanzia 2483.5 MHz Marekani wana masafa yaliyofungwa, na pale unatakiwa uwe chini ya 54 dBµV/m kwa wastani. Mkia wa mawimbi yetu ulivuka kwa 3 dB. Chini nako, kati ya 2310 na 2390 MHz pamefungwa, ila chaneli 1 ilipita kwa nafasi finyu. Nilidhani kuna dawa ya saketi, nikaweka kichujio cha majaribio kwenye njia ya antena: kilipunguza mkia na kikala nguvu ya chaneli zote. Dawa yenyewe ilikuwa mistari miwili kwenye jedwali la nguvu la programu dhibiti: chaneli 1 na 11 zimeshushwa kwa 4 dB, nyingine zimebaki. Ukiona rauta inasikika vizuri zaidi kwenye chaneli 6 kuliko 11, inawezekana hakuna muujiza wowote, aliyeitengeneza alifanya kama sisi.

La tatu linanitia aibu zaidi. Kwenye 5 GHz, masafa ya 5250–5350 na 5470–5725 MHz tunayatumia pamoja na rada. Rauta kabla ya kuyarushia inatakiwa isikilize kimya kwa sekunde 60. Ikisikia rada katikati ya kazi iondoke ndani ya sekunde 10, na isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Kwa 5600–5650 MHz, ambako ziko rada za hali ya hewa, Ulaya wanataka usikilize dakika 10 nzima. Mwanzoni ile dakika moja ilikuwa inanikera kila nikiwasha upya, nikaizima kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni "kwa muda". Mstari huo ulipita matoleo sita. Mwenzangu ndiye aliyeuliza, "Mbona hii ya kwetu inawaka haraka kuliko zote?"

Hili si jambo la karatasi tu. Mwaka 2009 rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege huko San Juan, Puerto Rico, ilikutwa inasumbuliwa na vifaa vya 5 GHz, na uchunguzi wake ulichapishwa. Rada ile kazi yake ni kuwaonya marubani kuhusu upepo unaobadilika ghafla karibu na ardhi. Nimeurudisha ule ukaguzi, na sasa programu inakataa kutengeneza toleo la kutoka nje kama ukaguzi huo umezimwa. Uchaguzi wa nchi nao nimeuondoa kwenye ukurasa wa mtumiaji, unawekwa kiwandani.

15 Aprili: Adapta, ambako kelele na usalama vinagombana

Kelele inayorudi kwenye waya wa umeme hupimwa kati ya 150 kHz na 30 MHz. Adapta yetu ya kwanza, ya bei poa na yenye alama zote za kuvutia kwenye kibandiko, ilisoma wastani wa 51 dBµV pale 0.62 MHz, wakati kikomo ni 46.

Tuliifungua. Ukweli ni kwamba tungeifungua siku ya kwanza. Kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa 12 V kuna kapasita inayorudisha kelele nyumbani badala ya kuiacha itoke kwa waya. Kapasita hiyo inakaa kati ya umeme wa ukutani na mkono wa mtu, kwa hiyo inatakiwa iwe ya daraja Y, iliyotengenezwa isiunganishe pande hizo mbili hata ikifa. Ya kwetu ilikuwa ya kauri ya kawaida, haina alama yoyote. Na umbali juu ya bodi kati ya pande hizo mbili ulikuwa kama 3 mm, wakati jedwali kwa umeme wa 230 V na insulesheni iliyoimarishwa lilitaka 5 mm.

Mwenzangu, ambaye hapendi kutupa kitu, alipendekeza tuweke kapasita halisi ya Y, ya 4.7 nF badala ya 2.2, kelele ishuke. Kweli ilishuka hadi 44. Kisha nikapiga hesabu ya mkondo unaovuja kupitia kwake kwa 230 V na 50 Hz: 2.2 nF inapitisha kama 0.16 mA, 4.7 nF inapitisha 0.34 mA. Kifaa kisicho na waya wa ethi, kwa IEC 60950-1, kiwango cha usalama kilichokuwepo zamani, kiliruhusiwa 0.25 mA. Kiwango kipya, IEC 62368-1, kinahesabu kwa namna nyingine, lakini sisi tumeibakiza 0.25 kama mstari wetu wa ndani. Mtu akigusa ganda la tundu la Ethaneti na kusikia mtekenyo, hatajali kiwango kinasemaje. Ndiyo maana huwezi kutibu kelele ya adapta kwa kuongeza kapasita tu hadi ipite.

Na hata tungeipata namba nzuri, adapta iliyofunguliwa na kubadilishwa haina cheti. Tumenunua nyingine, yenye hati ninayoweza kuithibitisha kwa aliyeitoa, si kibandiko. Imesoma 39 pale 0.62 MHz. Adapta 25 za kwanza tumezikata waya kabla ya kuzitupa, asije mtu akaziokota na kuzitumia.

22 Aprili: Mionzi kwa mtu

Fupi, kwa sababu hesabu ni fupi, na kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Miliwati 100 zikisambaa kutoka kwenye antena, kwa umbali wa sentimita 20 ni kama 0.2 W kwa mita ya mraba. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa umma kwenye masafa haya ni 10 W kwa mita ya mraba. Tuko chini kwa mara 50, na hiyo ni kwa kudhani inarusha bila kupumzika. Kijitabu kinasema iwekwe sentimita 20 au zaidi kutoka mwilini. Kifaa cha kuvaliwa au kushikwa mkononi kingehitaji kipimo kingine, cha nguvu inayonywewa na mwili kwa kila kilo, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

6 Mei: Umeme tuli

Mtihani: bunduki ya umeme tuli, 4 kV kwa kugusa chuma, 8 kV kwa cheche ya hewani. Kifaa kinaruhusiwa kuyumba, mradi kirudi chenyewe.

Kwenye tundu la Ethaneti hakuna kilichotokea. Kwenye mwanya wa kitufe cha kurudisha mipangilio, cheche ya tatu ilimaliza kazi. Kibaya ni kwamba taa ziliendelea kuwaka kijani kana kwamba mambo ni shwari, huku waifai imekufa. Ilibidi kuchomoa umeme. Huko ni kuanguka.

Mstari wa kitufe ulikuwa na sentimita 9 hadi kwenye prosesa, uchi kabisa. Nikaweka kapasita ya 100 nF karibu na kitufe, kwa mantiki kwamba adui azuiwe mlangoni. Haikusaidia: sentimita 9 zilizobaki zilikuwa zinaokota cheche upya kutoka hewani. Nikaihamishia kwenye mguu wa prosesa, nikatanguliza resista ya 1 kΩ. Cheche 20 kila upande, hakuna kilichotikisika. Pia nimewasha kipima muda cha mlinzi (huiwasha upya rauta ikiganda) kinachoiangalia redio yenyewe, si prosesa peke yake, kwa sababu prosesa ilikuwa hai muda wote ule, haijui tu kwamba mwenzake amezimia.

20 Mei: Chumbani mara ya pili

Siku mbili kamili, bodi za toleo la tatu. Kebo zote zimechomekwa, diski inasoma, redio zote mbili zinarusha kwa programu maalumu ya majaribio.

375 MHz: 40 dhidi ya 46. 625 MHz: 41 dhidi ya 46. Kizidisho cha pili cha waifai, 4824 hadi 4924 MHz, ambacho nacho kinaangukia masafa yaliyofungwa Marekani, kimepita bila sisi kukifanyia chochote. Sifa ni za waliotengeneza moduli. 2483.5 MHz tumepita kwa 2 dB, na hiyo ndiyo nafasi ndogo kuliko zote. Ukaguzi wa rada umepita mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa nimepakia toleo lisilo sahihi.

Jumla hadi leo: siku mbili na nusu za chumba, matoleo matatu ya bodi, adapta 25, antena 40, na kama wiki tano za kazi ambazo zisingekuwepo kama ningechomoa kebo ya Ethaneti nikiwa bado nyumbani.

3 Juni: Barua ya muuzaji

Tumefunga rauta moja kwenye mfuko, namba ya programu dhibiti imeandikwa juu yake, picha za bodi pande zote zimewekwa kwenye faili. Huo ndio mfano uliopimwa; kinachouzwa kinatakiwa kifanane nao.

Asubuhi muuzaji ameandika kwamba prosesa yetu sasa inakuja kwa toleo jipya, "hakuna tofauti kwa mtumiaji". Tumepata mbili za majaribio. Ethaneti inafanya kazi, waifai inafanya kazi. Nimechukua kitanzi, nimezima kwanza na kurekodi hewa, nimewasha, nimekiweka palepale kwenye mstari wa saa: 375 MHz imepanda kwa 3 dB. Kingo za saa yao mpya ni kali zaidi. Usiku huu rauta mbili ziko ndani ya kasha la kupashia joto, moja ina 33 Ω na nyingine 39, nahesabu pakiti.